Siga ya Mzee Abud

Niko wiki ya kwanza ya majaribio katika nyumba ya wageni Mji wa Kale, na kazi ya kuhudumia mezani nimejifunza mwenyewe kwa video za simu. Jana mgeni wetu, Mzee Abud, aliagiza biriani, akakaa roshanini, akawasha siga, ile sigara nene ya majani ya tumbaku yaliyoviringwa. Video zilinifunza kwamba siga nzuri huvutwa saa nzima, na anayeivuta hakatizwi. Basi nikasimama mlangoni kama askari.

"Biriani i tayari," akaniambia Bi Zuhura, mpishi wetu.

"Subiri kidogo, Bi Zuhura. Mzee hajamaliza siga."

Alirudi mara ya pili, kisha ya tatu, nami nikamrudisha jikoni. Mzee alivuta polepole mno, amefumba macho. Nikajisifu moyoni: huyu anastarehe kwa sababu yangu, na kazi sasa nimeipata.

Siga ilipobaki kipisi, nikamwendea. "Umestarehe, mzee?"

"Nistarehe vipi, mwanangu? Njaa inaniuma tangu magharibi. Nimeivuta polepole nisije nikaonekana nawaharakisha jikoni."

Bi Zuhura alikuwa nyuma yangu na sinia mkononi.

"Mwambie mzee," akasema, "biriani yake nimeipasha moto mara ngapi."