Neno Langu la Siri Benki

Ko, ko, ko! Bado nazisikia kucha za karani wa benki zikigonga kioo. "Sauti, dada. Neno lako la siri?"

Akaunti yangu ilikuwa imefungwa, na bila neno hilo haifunguliwi. Jamani, nililichagua kwa hasira, wiki ile Bi Zuhura alipoweka taa mlangoni kwake, ikamulika chumba changu kama uwanja wa mpira. Ni jirani yuleyule Mpemba aliyeniuguza mafua kwa uji wa pilipili manga! Nikajisemea, hapa London nani atalielewa?

Nikanong'ona. Hakusikia. Nikapaza sauti: "Kizee cha taa!"

"Kizi nini? Taja herufi."

Kwa Kiingereza mimi huchanganya i na e, basi nikakwama. Nyuma yangu sauti ya upole ikamtajia karani herufi zote, moja moja. Nikageuka: Bi Zuhura.

"Kizee ndiye mimi," akasema taratibu. "Lakini taa ungenambia tu, mwanangu, ningeizima."

Akaunti ikafunguka. Nilitamani sakafu nayo ifunguke, inimeze.

Nilifika nyumbani kabla yake. Nikachukua ufagio, nikafagia ngazi zote hadi mlangoni kwake.