Sanduku la Kufunikia Redio

Mjukuu wangu alikuja kunisalimia mwezi uliopita, akaichukua simu yangu, akaibonyezabonyeza, akanirudishia kwa uso wa mtu aliyenitoa jela. "Bibi, nimekuwekea kitu cha kuzuia matangazo. Sasa ukisoma habari zako humo hukuti tena mambo ya mikopo wala dawa za kupunguza tumbo." Nikamwambia akitoe. Akadhani sijaelewa, akaanza kunieleza upya polepole, kwa ile sauti wanayotumia kwa wazee na vichaa. Nikamwambia, wewe binti, nimekuelewa vizuri sana. Mimi nilizuia matangazo kabla mama yako hajazaliwa, tena nilikuwa hodari kuliko hicho kidude chako. Kitoe. Alikitoa huku amenuna, na chai yangu hakuimaliza.

Sikumweleza kisa. Ninakiandika hapa kwa sababu nikiandika hakuna mtu wa kunikatiza.

Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Iringa mjini, napanga nyumba Mlandege, sijaolewa, nina redio. Hilo la redio ndilo lililokuwa cheo changu mtaani. Redio ndogo zilikuwepo, lakini yangu ilikuwa kubwa, ya kumeza mawe manne manene, ndizo betri zenu za leo, na sauti yake ilivuka barabara bila kuomba ruhusa. Mtu akielekezwa kwangu aliambiwa, nenda mpaka usikie redio.

Basi, redio hiyo ilikuwa na ugonjwa mmoja. Kila jioni, salamu za wasikilizaji zikiisha na kabla ya taarifa ya habari, yalikuja matangazo ya biashara. Kengele inalia, muziki kidogo, halafu mwanamke mwenye sauti iliyopakwa asali ananiuliza: je, mama, nguo zako zinang'aa? Jamani! Mwaka ule sabuni tulikuwa tunaisikia redioni tu. Dukani, ukipanga foleni tangu jogoo la kwanza, unakuta jembe, kiberiti kilicholowa na muuzaji anayepiga miayo. Mimi nilikuwa nafulia majivu, mikono imepasuka kwa baridi ya Iringa, na yule bibi ananiuliza kama nang'aa. Akitoka yeye anaingia bwana wa mafuta ya kupikia. Mafuta hayapo. Akitoka huyo anakuja wa mawe ya redio, nayo hayapo, na ili nimsikie akiyasifia inabidi niyachome yale niliyonayo, ambayo kila mchana nayaanika juani kwenye ungo ili yapate nguvu ya kuishi siku moja zaidi. Kama hiyo si dharau, sijui dharau ni nini.

Nikaamua hawanipati. Kwanza nilikuwa napunguza sauti. Haikusaidia, kwa sababu mtu akinong'onezwa habari za sabuni ndiyo anazidi kutega sikio. Kisha nikawa nazima kabisa. Kengele ikilia tu, tap! Nazima, naimba beti nne za wimbo wa kanisani bila haraka, nikimaliza ya nne nawasha, na msomaji wa habari anakuta nimekaa tayari na kikombe changu. Nilikuwa nimepima. Nikiimba kwa furaha nilikuwa nawahi, nikiimba kwa huzuni nilikuwa nachelewa, kwa hiyo nilijifunza kuimba kama karani.

Majirani walicheka mpaka basi, halafu wakaanza kuniiga. Alianza mama muuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, wa ng'ambo ya barabara, Mhehe mmoja mrefu, mcheshi, anayemsemesha kila mtu kwa namna moja, mkubwa kwa mdogo. Alikuwa na redio ndogo kwa ajili ya wateja wake. Lakini wateja walilalamika kwamba wanapenda muziki wa yale matangazo, akaacha. Siku moja aliniambia, "Mwalimu, lakini katikati ya hayo matangazo siku hizi wanasoma na ya wagonjwa na misiba. Hapo mwanzo walikuwa wanasoma mchana tu."

Nikamjibu, na jibu hilo nalikumbuka kuliko jina langu: "Mama, wagonjwa wangu wanajua kuandika barua."

Alicheka. Mimi pia nilicheka. Nilijiona mtu mwenye akili sana.

Kuwasha na kuzima kila siku kukaanza kuichosha swichi. Ikawa inakwaruza, mara inakubali, mara inagoma. Fundi redio akaniambia, mwalimu, ukiendelea hivi utabaki nayo mkononi. Mwingine angeacha. Mimi nilikwenda Mafinga siku ya Jumamosi, kwa fundi seremala niliyekuwa namfahamu, nikamwagiza sanduku la mbao za msonobari lenye ukubwa wa redio na vidole viwili zaidi kila upande, lisilo na sakafu, ili niliinue na kuifunikia redio kama mtu anavyofunika vifaranga kwa tenga. Akauliza ni la nini. Nikamwambia ni la kuzuia sabuni. Yule bwana alikuwa mtaratibu, akaendelea kupiga randa. Ndani nikaligongomelea blanketi kuukuu. Lilinukia utomvu, na nyumba nzima ikawa na harufu ya msitu. Na lilifanya kazi! Kengele ikilia, nafunika. Ndani ya blanketi yule bibi wa kung'aa anabaki akivuma kama mbu aliyeingia kwenye mtungi. Naimba beti zangu nne, nafunua. Niliita watu kuja kuona. Nilikuwa na fahari nalo kuliko cheti changu cha ualimu.

Sasa, kwetu ni Uyole, kabla hujaingia Mbeya mjini. Baba yangu alikuwa hapo, mgane, mkulima wa viazi na pareto, mtu wa maneno machache. Barua yake ya mwisho ilisema ana kikohozi, lakini ni cha baridi tu, na niwe nakula. Sikuwa na wasiwasi. Kila barua yake ilikuwa na kikohozi ndani yake.

Jumanne moja jioni nilifunika, nikaimba, nikafunua, nikasikiliza habari, nikalala.

Jumatano asubuhi, mama muuza ulanzi akanisimamisha barabarani, akanisalimia kwa Kihehe. "Kamwene, mwalimu." Nikaitikia, kamwene. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akakaa kimya, akanitazama. Halafu akanipa kifurushi cha unga wa mahindi. Nikamshukuru sana. Jioni yake akaja jirani mwingine na maharage kwenye kikapu, akaketi sebuleni kwangu, hasemi kitu. Nikamtengenezea chai. Saa ya matangazo ikafika, nikaona nimwonyeshe sanduku, nikafunika kwa madaha, nikaimba beti zangu. Alinitazama kwa macho ambayo siku ile niliyaita ya mshangao. Akaondoka kabla ya habari.

Nikajiambia, kumbe watu wa hapa wana shukrani. Nimewafundisha kuzuia matangazo, wananilipa unga na maharage. Niliwaza hivyo kabisa, sidanganyi. Alhamisi wakaja wawili, mmoja ana mayai sita kwenye majani makavu ya mgomba. Wakaketi, wakangoja. Nami niliwaeleza, kwa kirefu, jinsi fundi wa Mafinga alivyokata mbao.

Hapa lazima nieleze jambo, kwa sababu vijana hamlijui. Kwetu habari nzito haitupwi mlangoni. Hawezi jirani kuja na kukuambia, mwenzetu, baba yako yu hoi. Jirani anakuja, anakaa. Wewe mwenye jambo ndiye unayeanza kusema, naye anapokea. Ukikaa kimya, anakaa kimya nawe, maana huenda moyo wako bado haujapata nguvu. Na hii yangu ilikuwa imesomwa redioni kwa jina langu, kazi yangu na mtaa wangu. Redio kubwa kuliko zote Mlandege iko mezani kwangu. Ni mpumbavu gani angefikiri sijasikia?

Kwa hiyo mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima uliniheshimu. Baadaye niligundua kwamba hiyo heshima ilianza kuchacha Alhamisi jioni. Walikuwa wanajiuliza mwalimu huyu ana moyo gani, baba anamwita naye anaimba.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nimeshika chaki, naandika tarehe ubaoni, mwalimu mkuu akatokea mlangoni. Akaniita nje.

"Mwalimu, bado upo?"

"Nipo wapi, mkuu?"

"Ruhusa yako niliitia saini tangu juzi. Iko mezani kwangu. Jana nilikuwa wilayani, nikadhani umeshaipitia ukaondoka."

"Ruhusa ya nini?"

Alikuwa amevaa kofia ya pama, ambayo hata uani kwa kanisa hakuwa akiivua mpaka aingie ndani. Akaivua. Akaanza kusema, akaacha, akatazama watoto kupitia dirishani. Na mimi, kabla hajafungua mdomo tena, nikawa nimeshaanza kuyaona mayai, na unga, na yule jirani akinitazama ninavyoimba.

"Jumanne na Jumatano walisoma," akasema. "Baba yako ni mgonjwa sana, ufike Uyole haraka. Ulikuwa hujasikia?"

Mungu wangu! Nilikimbia na chaki mkononi. Barabarani nilimpita mama muuza ulanzi, akauona uso wangu, akaelewa papo hapo kila kitu, akatupa kata yake chini. "Mwalimu, mwanangu, ulikuwa hujui? Ulikuwa hujui?" Alikimbia nami mpaka stendi, pumzi zimemkatika, akanivika kanga yake begani kwa kuwa nilitoka kama nilivyo, na alipokuwa akinisukuma kupanda ngazi za basi alikuwa analia, akisema ningekuambia, ningekuambia, ningekuambia tu.

Safari ya kutoka Iringa mpaka Uyole si fupi. Sikuiona. Makambako basi lilisimama watu wanywe chai, nikatamani kumpiga dereva. Usangu ilikuwa inawaka jua, watu wanachunga ng'ombe kana kwamba hakuna lolote duniani. Nilikuwa namwambia Mungu anibakizie hata saa moja. Nusu saa. Nilikuwa napunguza mwenyewe kila tukipanda kilima.

Nilishuka Uyole saa kumi na moja jioni. Nilipofika kwenye njia ya nyumbani nikaona wanaume wananawa mikono kwenye karai, na majembe yameegemezwa ukutani, yana udongo mbichi. Hakuna aliyehitaji kuniambia. Alikuwa amefariki Alhamisi jioni, wamemzika saa nane mchana.

Kaka yangu alinitazama, akageuka. Sikumlaumu. Walikuwa wamebishana kama waningoje, na yeye ndiye aliyesema, kama hakuja kwa ugonjwa, atakuja kwa maziko?

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenichukua ndani, akanikalisha kwenye mkeka kati ya wanawake, akaniacha nilie mpaka nikachoka. Usiku ulipoanza kuingia akanipeleka jikoni, tukabaki wawili. Nikamwuliza alikufaje. Nilitaka aniambie kwamba hakuwa na fahamu. Mtu akiwa hana fahamu hamngoji yeyote.

"Fahamu alikuwa nazo mpaka mwisho," akasema. "Jumanne balozi wetu wa nyumba kumi alimletea redio yake kitandani. Tangazo kaka yako alikuwa amelipeleka Mbeya mjini yeye mwenyewe. Wakasoma jina lako. Baba yako akatabasamu, akasema, 'Haya, amesikia huyo. Ana redio kubwa. Kesho anapanda basi.' Akalala vizuri. Jumatano akatutuma tukakae barabarani. Kila basi linalotoka Iringa tukilisimamisha tunarudi kumwambia hayumo, naye anasema, basi atakuwa kwenye linalofuata, ana watoto wa watu pale shuleni, hawezi kuwaacha ghafla. Alhamisi akasema tumsogezee kitanda dirishani, ili asikie mabasi yakipanda. Alikuwa anayahesabu. La mwisho lilipita, akauliza, 'Limesimama?' Nikamwambia linasimama."

Shangazi akachochea kuni. Moshi ulikuwa mwingi, nikashukuru kuwepo kwa moshi.

"Redio yako ilikuwa mbovu, mwanangu?"

Aliuliza kwa upole kabisa, na nilijua ananifungulia mlango. Ningesema ndiyo, mambo yangeisha. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mwerevu.

"Haikuwa mbovu, shangazi. Nilikuwa nimeifunika nisisikie."

"Usisikie nini?"

Sikuweza kumtajia sabuni. Shangazi akaacha kusubiri. Akaniwekea ugali mbele yangu, akanyanyuka, akajifunga kanga vizuri, akatoka nje walikokuwa wameketi kaka yangu na wanaume wa ukoo kuzunguka moto. Nilimsikia kupitia ukuta wa fito akiwaambia kwa sauti ya kumaliza kesi: "Redio yake imekufa tangu wiki iliyopita. Mtoto amesikia leo shuleni, akaja hivyohivyo na chaki mkononi. Asije mtu akamwuliza tena."

Kaka yangu alikuja jikoni, akachuchumaa karibu yangu, akaniomba msamaha. Nikaupokea.

Shangazi amekufa, kaka amekufa. Ukoo mzima mpaka leo unajua kwamba redio yangu ilikuwa mbovu.