Meneja Aliyempandisha Baba Kibosho

Bado sijakubali. Leo asubuhi nimefungua geti nikasubiri kufokewa, kimya.

Meneja, mbwa wetu wa Magomeni, amekufa jana kwa uzee. Kafa kwenye kivuli cha tangi la maji, ametupa kisogo sote kama kawaida yake.

Jina alilipata kazini. Kila aliyeingia uani alifanyiwa usaili, na hakuna aliyefaulu.

Alikuwa na maoni kwa kila kitu. Mvua, hapana. Kuogeshwa, hapana kabisa. Dagaa wa jana, mpe paka.

Mkia alimtikisia Mama Zuhura peke yake, jirani yetu, ambaye kwa dini yake hagusi mbwa. Walisalimiana kwa mbali kila asubuhi, wakaheshimiana kuliko ndugu wengi ninaowajua.

Sasa niwaambie alichofanya.

Baba yangu ana duka la vyombo Kariakoo. Kiharusi kilipompiga mguu wa kushoto, aliapa hatarudi kwetu Kibosho, mlimani, mpaka aweze kupanda kwa miguu yake hadi kwenye kaburi la mama yake. Krismasi mbili akabaki Dar. Mchaga, asiende kwao Krismasi! Tuliumia sana.

Daktari alisema atembee. Tulipomshika mkono alitufukuza. Nikamkabidhi kamba ya Meneja, nikamwambia mbwa ndiye anayehitaji mazoezi. Nilidanganya na sijuti.

Basi wakawa wanaenda hadi bonde la Jangwani, wazee wawili wenye hasira. Meneja alisimama kila hatua kumi kulaumu kitu: kuku, bodaboda, kiroba cha taka. Baba akapata kupumzika bila kuomba.

Siku moja Baba alikereka akamchapa fimbo. Meneja akagoma siku tatu.

Kwetu, ukimpelekea mtu jani la isale, umemwomba msamaha na hawezi kukunyima. Mama ana isale kwenye ndoo uani. Baba, ambaye hajawahi kumwomba radhi mtu yeyote, Mama akiwemo, alichuma jani akaliweka mbele ya mbwa.

"Meneja, yaishe."

Meneja akalinusa, akaenda kusimama getini.

Desemba iliyopita wakapanda Kibosho pamoja, katikati ya migomba. Meneja aliilaani baridi, akawabwekea mbuzi, na mawingu yalipofunguka akaubwekea mlima wenyewe. Kila alipogombana, Baba alivuta pumzi. Akafika kaburini kwa miguu yake. Shangazi zangu walipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Mimi nililia wazi, sikujificha.

Leo Baba kaing'oa ile isale ya Mama, kaipanda juu ya kaburi la Meneja. Nikamkumbusha kwamba isale hupandwa kwenye makaburi ya watu.

"Huyu ndiye aliyenirudisha nyumbani," akasema.

Kisha akachukua kamba tupu akaelekea Jangwani peke yake. Nilimtazama kutoka getini. Anasimama kila hatua kumi.

Umeshinda, Meneja. Lala, mzee wangu. Huko ulikokwenda, wakague wote.