Mvinyo wa Dodoma na Vikombe vya Bati

Nilikwenda Kigoma kwa sababu ya posa. Mdogo wangu Charles, aliyekuwa kibarua bandarini huko, alimpenda Nadine, binti wa Mzee Gaspard, Mrundi aliyekimbia vita akahamia mtaa wa Katubuka na wanawe. Kwao mzee aliwahi kutunza mvinyo wa misheni, kwa hiyo akasema upande wetu ulete mvinyo, si soda. Mimi kazi yangu ni kutengeneza mvinyo Dodoma. Nani angekwenda kama si mimi?

Dodoma nilipanda treni na chupa nne za mvinyo mwekundu, pamoja na glasi zenye mguu nilizozifunga kwa khanga ndani ya kasha.

Tabora, gunia la karanga lilianguka kutoka juu likatua kwenye kasha langu. Chupa zilipona. Glasi zote zikawa vigae.

Kigoma tulifika asubuhi. Charles alinipokea stesheni, tukaenda moja kwa moja Katubuka, maana wazee walishakaa kutusubiri.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetuletea?"

Nadine akaleta vikombe vya bati. Nilisita, lakini mgeni hakatai vyombo vya wenyeji. Nikamimina. Mzee akanywa funda moja, akakiweka kikombe chini.

"Hii ni siki," alisema. "Mnaniletea siki mbele ya ndugu zangu? Mimi ni mkimbizi, si mjinga."

Nikaonja changu. Kweli, ulikuwa mkali, wenye ladha ya chuma, harufu hakuna. Lakini mvinyo ule niliujua tangu zabibu zake zikiwa shambani.

"Mzee, kosa si la mvinyo, ni la chombo. Nipe hadi jioni."

"Na jioni ukileta siki tena?"

"Basi Charles atatafuta mke Dodoma."

Charles alinitazama kana kwamba nimemuuza.

Ujiji, mchana, tulikwenda Kasingirima kwa Bi. Zuhura, mwenye nyumba aliyempangisha Charles. Alikuwa na glasi nzuri za sharbati.

"Ninazo, lakini kwa pombe siwezi kuzitoa, mwanangu. Usinichukie."

"Nikuchukie kwa lipi, bibi? Ni haki yako."

Akatunywesha chai, tukaondoka. Sokoni nikaona asali imepangwa mezani kwenye chupa fupi za kioo, tumbo pana, mdomo umebana kidogo. Nilicheka peke yangu. Tulizinunua, tukahamishia asali kwenye dumu. Nikaziosha chupa kwa majivu na maji ya moto, bila sabuni, maana harufu ya sabuni huua mvinyo. Nikazianika juani hadi zisinuke kitu. Mvinyo wenyewe niliuzungushia kitambaa kibichi upoe.

Jioni tukarudi Katubuka. Nilimimina kidogo tu katika zile chupa za asali, chini ya nusu.

"Usinywe kwanza, Mzee. Uzungushe, kisha unuse. Harufu inakusanyika humo tumboni, mdomo unaizuia isitoroke. Pua ndiyo inayoanza kuonja. Kikombe kipana kinaiachia yote hewani."

Akanusa. Akanusa tena, macho amefumba. Akamwambia dada yake maneno ya Kirundi, na Nadine akanitafsiria: "Anasema ananusa zambarau, na udongo uliopata mvua."

Ndipo akanywa.

"Huu umetoka chupa ile ile?"

"Ile ile."

Hakuniamini. Akajimiminia mwenyewe kwenye bati, akaonja huku, akaonja kule, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Charles," alisema, "sogea hapa, ukae karibu yangu."

Siku ya kurudi nilipita kuaga. Nilimkuta mzee akiosha zile chupa za asali, moja moja, akizipanga dirishani.

"Mzee, hizo si za kutupa tu?"

"Tangu tuvuke ziwa sijaweka ndani kitu cha kuvunjika," alijibu bila kugeuka. "Kila nyumba nilijua tutaihama. Hizi ziache."

Treni ilipoiacha Kigoma niliendelea kumfikiria. Tangu safari ile nimewaeleza wateja wengi habari za tumbo la glasi na mdomo wake, na bado sina shaka na ninachosema. Ila nikiingia nyumba yenye vikombe vya bati tu, sianzi tena na somo. Nauliza kwanza wenyewe wametoka wapi.