Debugger ilisoma faili ya zamani, nami nikamfukuzisha Wakesho kazi

Wakuu, salamu kutoka Voi, huku jua halina huruma. Haya ninayoandika ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Majina nimebadilisha. Aibu nimeiacha ilivyo.

Mimi ni fundi wa hizi systems ndogo ndogo, niko na ofisi ya chumba kimoja hapa mjini. Kwa miaka mitatu nilifanya kazi na dada mmoja, tumwite Wakesho, mtoto wa Bura. Nilimchukua akitoka college, na baada ya mwaka mmoja alikuwa amenipita. Nililijua hilo na lilikuwa linaniuma.

Kikundi cha wakulima kule Bura kina cold room ya mboga. Nyanya, hoho, dania, zote hukaa hapo zikingoja lori la soko. Mama yake Wakesho ni mwanachama na ndiye alituombea kazi. Tukawaandikia programu ya kusoma joto na kuwasha mashine ya baridi. Wakesho aliandika sehemu ya kusoma joto, mimi nikaandika sehemu ya kuweka rekodi, zote kwa faili moja.

Sasa Jumamosi moja programu ikaanguka na hakuna aliyejua. Jumapili watu wako kanisani. Jumatatu wakifungua mlango, harufu ndiyo iliwapokea. Mboga za kikundi kizima zikawa za kumwaga.

Mwenyekiti akanipigia simu. "Muli, Jumatano uje utuambie ni nani ametuharibia." Hakuuliza ni nini kimeharibika, na mimi sikumrekebisha.

Ile kompyuta ndogo ya cold room ilikuwa imehifadhi picha ya programu vile ilikuwa wakati inakufa. Picha hiyo unaifungua na debugger, nayo inakuambia programu ilifia faili gani, mstari wa ngapi.

Kwa wasiojua, debugger haibebi source code, yaani yale maandishi ya programu tuliyoandika sisi. Inajua tu source ilikuwa wapi siku programu ilipojengwa. Hii ilijengwa kwa laptop ya Wakesho, kwa hivyo kwangu ikatafuta folder yake na kukosa. Nikaona namba tu, mstari 148, bila maandishi yake.

Dawa hapo ni rahisi. Unaomba folder ya siku ile, unaielekeza debugger huko, basi. Na Wakesho alikuwa meza ya pili, mita mbili kutoka kwangu.

Sikumuuliza. Nilikuwa nashuku ni yeye, na nilitaka nimpate kabla hajaanza kujitetea.

Nikachimba laptop yangu hadi nikapata copy ya zamani, faili yenye jina lile lile. Nikaiambia debugger isome hapo. Ikakubali bila swali. Debugger ni kama mgeni mpole, kiti chochote ukimpa anakaa.

Mstari 148 ukatokea, na ulikuwa kwa ile sehemu ya kusoma joto. Ya Wakesho. Wakuu, nisiwadanganye, nilifurahi.

Jumatano tukapanda Bura pamoja, njia nzima sikumwambia kitu. Kwa mkutano nikafungua laptop, nikaigeuza wanachama waone. Nikasema, "Imeangukia hapa. Hii sehemu aliandika Wakesho."

Wakesho akainama akaangalia. "Kaka, hebu nipe hiyo laptop kidogo. Hiyo kitu haiko sawa."

"Tusibishane mbele ya wazee," nikamjibu, nikaifunga.

Mama yake alikuwa amekaa mbele kabisa. Akakunja mikono.

Mwenyekiti akasema, "Huyu msichana asiguse mashine yetu tena. Muli, kazi utaendelea nayo, lakini peke yako." Nilikuwa na nafasi ya kukataa. Nikasema sawa. Wiki hiyo hiyo Wakesho akachukua vitu vyake ofisini.

Nikaandika upya ile sehemu yake, kwa mbwembwe nyingi. Wiki tatu baadaye programu ikaanguka tena.

Bahati waliiwahi mapema. Safari hii nilikuwa nimeijenga kwa laptop yangu, kwa hivyo debugger ikapata source yenyewe. Ikanipeleka moja kwa moja kwa sehemu ya rekodi. Nilikuwa nimetenga nafasi ndogo, rekodi zikijaa zinamwagikia kumbukumbu isiyo yao na programu inakufa.

Nikarudi kwa ile picha ya kwanza, nikatoa folder sahihi kwa backup aliyoacha Wakesho, nikaielekeza debugger vile inatakiwa. Mstari 148 ulikuwa wangu. Faili ilikuwa imeongezwa mistari mingi tangu ile copy ya zamani, kwa hivyo 148 ya kule na 148 ya huku hazihusiani.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba debugger huandika pia jina la function, yaani kile kipande cha programu kilichokuwa kikifanya kazi, juu kidogo ya mstari. Ilikuwa imeandika "weka_rekodi" tangu siku ya kwanza. Jina nilitunga mimi. Sikulisoma kwa sababu nilikuwa nishapata nililokuwa nataka.

Nikairekebisha, kisha nikarudi Bura nikawaambia ukweli wote. Mwenyekiti akasema, "Haya, tumesikia. Lakini saa hii mashine iko sawa?" Nikasema iko sawa. Wakaendelea na mambo ya mbolea. Mama Wakesho hakuwepo, nikaambiwa aliacha kuja mikutano.

Wakesho mwenyewe yuko Njukini, anasaidia shangazi yake kuuza maharagwe sokoni. Alijaribu kazi ofisi mbili hapa Voi, lakini mji ni mdogo na habari ilikuwa imemtangulia. Nikampigia nikamweleza kila kitu, nikamwomba msamaha.

"Niliona siku ile ile, Kaka. Lakini wewe ndio ulikuwa bosi. Nani angeniskiza?"

Nikamwomba arudi, awe partner, nusu kwa nusu.

"Hapana, Kaka. Nikirudi, siku ukikosea tena utasema ni nani?"

Akakata simu.

Somo la ufundi mmelipata: hakikisha source unayosoma ni ile ile iliyojenga programu, na usome kila kitu debugger inaandika. Hilo lingine mtu hafundishwi college. Nilikuwa namwonea wivu mtoto wa watu, nikatafuta faili ya kunipa sababu.

Semeni mnavyoona, hata ukali nitasoma. Na kama kuna mtu ana ofisi anatafuta programmer mzuri, aniandikie inbox nimpe namba ya Wakesho. Jina langu asimtajie.