Maji ya Mwenyekiti

Mwenyekiti wetu wa nyumba kumi hapa Masara, mama wa makamo, hushinda akiponda mawe ya dhahabu pamoja nasi. Jioni hujipangusa vumbi kwa leso, akakohoa, kisha akaanza kupiga hodi mlango kwa mlango. Haulizi habari za mtu. Huomba maji tu, na kwetu humwachi mgeni akinywa peke yake. Viganja vimempasuka, kikombe hukishika kwa ncha za vidole. Hunywa polepole, kama anayemeza dawa. Tangu mtu fulani aanze kuwaambia vijana wa mashimoni kupitia simu kwamba kuua ni ibada, na wawili wakamfuata wasirudi, hajaruka nyumba hata moja.

Jana nilimsindikiza kwa Maroa, aliyeacha kazi akajifungia ndani na simu yake. Begi lilikuwa tayari mlangoni.

“Mama, leo niko na haraka.”

“Nipatie maji kwanza, kijana yangu.”

Maroa akaguna, akaleta. Nilijua tumbo la mama lilishajaa maji ya majirani wote, lakini alikimaliza kikombe. Barabarani gari la kwenda mpakani likapiga honi.

“Ongeza,” mama akasema.