Gari la Umeme Lililokuwa la Mwalimu

Nimezaliwa katika nyumba ya ng'ombe, na huko nilifundishwa kwamba mnyama hanunuliwi kwa macho peke yake. Unamwuliza anayeuza: huyu katoka kwa nani, na kwa nini anaondoka huko? Akibabaika, unamwachia ng'ombe wake unakwenda zako. Shule sikukaa sana. Nilipojua kusoma na kuandika tu wakanitoa nikalee wadogo zangu. Lakini majina hayanitoki. Nawakumbuka ng'ombe wa baba, na watu waliotuuzia, na watoto wa hao waliotuuzia. Hapa lakini sitaandika jina la mtu. Jina likisemwa linakwenda na upepo. Likiandikwa linakaa, na baadhi ya hawa ninaowasimulia bado tunakutana sokoni.

Basi kitinda mimba wangu aliponiambia anataka kununua gari, nikamwambia tunakwenda wote.

Alikuwa mama lishe hapa Butimba, anawapikia wanafunzi wa chuo. Moshi wa kuni ulikuwa umeshaingia kifuani. Alikuwa akikohoa nasikia mpaka chumbani kwangu, na daktari alimwambia wazi aachane na moshi. Akauza kiwanja chake, kitu pekee alichokuwa nacho cha kwake, ili apate gari la kubeba abiria wa uwanja wa ndege. Alikuwa amesikia kuna magari yasiyokunywa mafuta, yanachomekwa ukutani kama simu. Mimi hilo lilininyima raha. Gari lisilokunywa kitu linapata wapi nguvu?

Muuzaji alitupokea vizuri pale yadi ya magari. Mtu mzima, ananukia, ana heshima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Hebu nionyeshe, hili gari moto wake uko wapi?"

Akacheka, akanionyesha sakafu. "Uko chini ya miguu yako, bibi. Betri imelala hapo chini yote kama godoro."

"Na lilikuwa la nani?"

"La Japani."

"Japani ni nchi, baba. Mimi nauliza mtu."

Mwanangu akanifinya. Lakini muuzaji hakukasirika. "La mwalimu mmoja, mama mtu mzima kama wewe. Alikuwa analitoa nyumbani kwenda sokoni, basi."

"Anaitwa nani?"

Alitazama juu kidogo, kisha akanitajia jina, refu, tamu mdomoni. Nikalirudia mpaka likakaa.

"Na kwa nini ameliacha?"

"Amestaafu, bibi. Macho yamechoka."

Nikaingia ndani nikakaa. Kiti kilikuwa laini, na nilijiona kama niko nyumbani kwa mwanamke mwenzangu naye katoka kidogo. Nilijaribu kumwona na kikapu chake. Huko kwao wanauza nini sokoni? Samaki? Moyo ukatulia. Ng'ombe alikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na sababu. Tukanunua.

Lilipofika nyumbani majirani walikuja kulisikiliza. Ndiyo, kulisikiliza, maana kila mtu alitaka kuhakikisha kwamba kweli halilii. Jirani yetu aliyewahi kuendesha malori alifunua boneti, akainamisha sikio kama anasikiliza mtoto tumboni. Kimya. Akasimama akatangaza: "Hili halina ugonjwa hata kidogo. Hata kuhema halihemi!" Sote tukakubali. Sisi magari tuliyoyazoea, yakiumwa yanakohoa, yanagonga, yanatoa moshi mweusi. Kimya tukakiita uzima. Hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kutazama chini.

Kuku ndio waliopata shida. Walikuwa hawasikii kitu mpaka gurudumu liko mkiani. Jirani mwingine, mama mwenye kinywa kikali, akaja uani. "Jirani, na hilo jini lenu litatumalizia mbegu ya kuku!" Nikatafuta kengele ya ng'ombe niliyokuja nayo kutoka kwetu, nikaifunga mbele kwenye bampa. Tangu hapo gari likawa linapita mtaani linalia kolong kolong, na watu wananiuliza, "Bibi, huyo ng'ombe wako anakula nini?"

"Anakula umeme wa luku," nawajibu, "na akishiba hatoi hata kinyesi."

Mwanangu alikuwa anarudi jioni anacheka. Kifua kilianza kutulia. Nilimsikia analala usiku kucha.

Kisha nguvu zikaanza kupungua. Anaondoka Butimba gari limejaa, kabla ya kufika uwanja wa ndege linamwambia limekwisha. Akawa anachomeka kwa muda mrefu zaidi, nalo linakwenda kwa muda mfupi zaidi. Siku moja ya mvua likazima mlimani, abiria na mabegi yake ndani, taa nyekundu inawaka. Likavutwa kwa kamba mpaka kwa fundi, Mabatini.

Fundi akaliinua. Mimi nilikuwepo, nisingekosa. Nikainama na fimbo yangu nikaona lile godoro la betri. Lilikuwa bati pana lililobonyea, likanyooshwa kwa nyundo, likapakwa rangi nyeusi. Pembeni chuma kilikuwa na mshono wa kuchomelea toka mwanzo hadi mwisho, kama kovu la mtu aliyepasuliwa.

"Mama," fundi akasema taratibu, "hili liligongwa likafa. Likaja hapa limekufa, wakalifufua. Na humu maji yameshaingia. Msilichomeke tena karibu na mnapolala. Betri ya hivi ikishika moto, hamzimi kwa ndoo."

 Mwanangu akapitisha kidole juu ya ule mshono.

Tukarudi yadi. Muuzaji akatuagizia soda, akatupa viti. Mwanangu akaeleza yote. Yeye anatikisa kichwa kwa huruma. Mimi nikauliza kitu kimoja tu, na kweli nilitaka kujua.

"Baba, yule mwalimu, nikumbushe jina lake."

Akataja jina. Si lile.

"Siku ile ulinitajia lingine," nikamwambia, nikamtamkia lile la kwanza lote.

Akacheka, akajipangusa uso. "Aisee! Bibi, wewe una kichwa. Haya, mimi simjui. Haya magari tunayapata mnadani huko nje, mengine yamelala ubavu. Hatuambiwi ya nani. Mimi nayaamsha, nayavisha, watu wanapata usafiri."

"Na aliyekuwa ndani lilipogongwa?"

"Bibi, hayo sasa ni maswali gani?"

Kisha akamgeukia mwanangu, sauti ikashuka. Asihuzunike, dada yake. Kuna mteja wa Nansio anatafuta gari la namna ile. Kisiwani safari ni fupi, halitamwishia njiani. Yeye atalipiga rangi, mteja atakuja kuliona nyumbani kwetu, kwa sababu gari likitoka kwa familia watu wanaliamini. "Na bibi akiwepo, ndiyo vizuri zaidi," akasema.

Njiani nilimtazama mwanangu, sikuona kitu usoni. Nikawa nawaza: hiki kitoto nilichokibeba mgongoni, kitafanya nini? Nilikuwa na maneno yangu, nikayameza. Nilitaka kujua. Usiku ule alikohoa, ingawa hapakuwa na moshi.

Gari likapigwa rangi, likarudishwa uani kwetu, na mteja akaja na meli ya asubuhi. Mwanamke, mjane, ameuza ng'ombe wa marehemu ili abebe abiria wanaoshuka melini pale Nansio. Alizunguka gari, akaligusa, akalisifu rangi. Halafu, kama vile tulizaliwa tumbo moja, akanijia mimi nilipokaa.

"Shikamoo, mama. Hili gari lilikuwa la nani?"

Mdomo wangu ulikuwa wazi tayari, lakini sikumtazama yeye. Nilimtazama mwanangu. Alikuwa amesimama na funguo mkononi.

Akaingia ndani. Nikadhani amekimbia. Akatoka na mkeka, akautandika chini pembeni mwa gari.

"Lala hapa, dada," akasema. "Mimi nalala huku."

Wakaingia chini wote wawili, nikabaki naona miguu minne na pindo za kanga. Nikasikia mgeni anagonga bati.

"Mbona limepondwa hivi?"

"Liligongwa. Mimi pia nimeuziwa hivyo."

"Na yule wa yadi anajua?"

"Anajua. Ndiye aliyesema nikuuzie wewe."

Mgeni akalipiga bati kofi: "Mungu wangu wee."

Walitoka na mavumbi migongoni. Msidhani mgeni alishukuru. Alikuwa mkali. "Na nauli yangu ya meli nani atanirudishia? Mnaniita kutoka kisiwani kuja kulala chini ya gari?" Mwanangu akamwambia samahani, akampakulia wali na samaki sato. Alikula bado amenuna, akaongeza mchuzi, akaondoka. Nasikia alipitia yadi kwanza, akasimama langoni akasema yake mbele ya wateja. Sikwenda kuona, ingawa miguu iliniwasha.

Muuzaji alipiga simu. Mwanangu akaiweka sauti ya juu. "Dada, umejiharibia mwenyewe," akasema yule mtu. "Najua," mwanangu akajibu, akakata.

"Unajuta?" nikamwuliza.

"Najuta, mama. Kiwanja changu kimekwenda. Usiniulize tena leo."

Sikumwuliza tena.

Gari tulimwuzia fundi kama gari lililokufa, kwa bei ya milango, viti na vioo. Kilichopatikana hakikutosha kiwanja wala nusu yake. Kilitosha jiko la gesi na mtungi. Sasa amerudi pale karibu na chuo na masufuria yake. Kikohozi kimepungua, hakijaisha.